Maua Mlangoni mwa Mkimbizi

 

Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome Mwanzo 2:8-9, kisha Yeremia sura ya 28 na ya 29, kisha Yohana 12:1-8. Sitaiandika mistari hiyo hapa kwa sababu karatasi ni chache, na tena ni vema uisome mwenyewe kwa sauti, watoto wakisikia.

Mwezi huu somo langu ni maua. Najua wapo watakaocheka, maana mimi ndiye niliyewafundisha kucheka juu ya jambo hili. Kwa hiyo neno hili ni mahubiri, na pia ni toba ya mchungaji mbele ya kundi lake.

Mnakumbuka Januari 2025. Katika mwezi ule mmoja tulisikia kwamba Goma imeingia mikononi mwa M23, na tukasikia kwamba Marekani imesimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Februari ikafuata Bukavu. Walikuwapo kati yetu waliokwisha kufanyiwa mahojiano na kupimwa afya, wakauza vitanda na masufuria wakingojea tarehe ya ndege. Njia ya kurudi ilifungwa, na njia ya kwenda mbele ikafungwa. Tulisimama kama Israeli, bahari mbele na Farao nyuma, ila hatukuona fimbo mkononi mwa mtu yeyote.

Mchungaji naye ni mtu. Hofu ikimwingia, hupanda nayo mimbarani. Jumapili moja ya Februari hiyo nilihubiri juu ya uwakili, yaani namna ya kutunza kidogo tulichopewa. Nikasema: jua ni kali, mvua hakuna, sisi tunaoishi mjini hatuna mgao wa chakula, jerikani ya maji tunainunua, na bado wapo wanaochukua maji hayo wakanyweshea maua. Nikauliza, “Maua yanaliwa?” Kanisa likacheka. Mhubiri akisikia watu wanacheka huongeza chumvi, nami nikaongeza. Nikasema mahali penye ua pangeota lengalenga, hizi ambazo wenyeji wetu wanaziita dodo, na mtoto angekula.

Sikutaja jina la mtu. Lakini katika mstari wetu wa vyumba kulikuwa na mlango mmoja tu wenye maua, kwa hiyo jina halikuhitajika. Ni mlango wa mama mmoja mjane, mwenye umri wa kunizaa. Alikuwa amekaa benchi la pili kama kawaida yake. Yeye hakucheka.

Jumatatu asubuhi maua yale hayakuwapo. Kijana mmoja wa kwaya, mwenye moyo mwema na mikono myepesi kuliko akili yake, aliamka alfajiri na jembe, akayang'oa yote na kupanda miche ya sukuma wiki katika mistari iliyonyoka vizuri. Alikuja kunieleza, uso wake unang'aa kama wa mtu aletaye habari njema. “Baba Mchungaji, nimetii neno.”

Nami nilimwambia nini? Nilimwambia asante. Hapo ndipo kosa langu lilipo, ndugu zangu, msimtwike kijana. Yeye alikuwa na jembe tu, mimi ndiye niliyekuwa na mdomo.

Mama yule hakusema kitu. Jumapili iliyofuata alikuja, akakaa palepale, akatoa sadaka yake. Nilijisemea kwamba amekubali mafundisho. Sisi wachungaji tuna ugonjwa huo: mtu akinyamaza tunafikiri amekubali.

Machi tulimzika mzee wetu mmoja. Nanyi mnajua mazishi ya ugenini yalivyo. Hakuna shamba la ukoo la kumlaza mtu karibu na baba yake. Hakuna wajomba wa kukaa matanga. Kuna karatasi za kutafuta, na mchango wa sanduku, na gari la kuazima. Sanduku lilipoingia kanisani nikaona kuna kitu kimepungua, lakini sikujua ni kitu gani. Nilisoma, nikaomba, tukaimba. Tulipokuwa tunaliinua ndipo nilipoona. Lilikuwa mbao tupu. Siku zote huwa na maua juu yake, mekundu na ya zambarau, yamefungwa kwa kipande cha kitenge. Kwa miaka yote nilikuwa nayaona na sijawahi kuuliza yanatoka wapi. Nilidhani maua hutokea tu, kama vile wanaume tunavyodhani chai ya baada ya ibada hutokea tu.

Jioni nikawauliza akina mama, “Leo maua yamekuwaje?” Wakatazamana. Mmoja akajibu kwa sauti ya chini, “Baba Mchungaji, maua yalikuwa yakitoka kwa mama yule. Si yaling'olewa?”

Usiku ule sikulala. Nilifungua Yohana 12 ili nitayarishe somo la majuma kabla ya Pasaka, nikakutana na mahubiri yangu mwenyewe yamekwisha kuandikwa humo. Siku sita kabla ya Pasaka, Bethania, Mariamu anamimina marhamu ya nardo miguuni pa Bwana, na nyumba yote inajaa harufu. Akatokea mtu mmoja mwenye hesabu nzuri. Akasema, hii ingeuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Hesabu yake haikuwa na kosa. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyosoma katika mfano wa shamba la mizabibu, kwa hiyo 300 ni karibu kazi ya mwaka mzima. Hata mimi ningepiga makofi. Ni neno la uwakili, ni neno la kuwahurumia maskini, na mwenye kulisema alikuwa Yuda.

Yohana anatuambia kwamba Yuda alikuwa mwizi wa mfuko. Nilijitetea kwa Mungu kwamba mimi mfuko wa kanisa siuibi, na mzee mhazini ni shahidi wangu. Lakini kuna mtu anayeiba fedha, na kuna mtu anayeiba jambo jema alilolifanya mwingine kwa kulichekesha mbele za watu. Mathayo na Marko wanaonyesha kwamba wanafunzi wengine nao walinung'unika, kwa hiyo kanisa zima lilicheka hata siku ile. Naye Bwana akajibu nini? Akasema mwacheni; alikuwa ameyaweka kwa ajili ya siku ya maziko yangu.

Kwa ajili ya maziko. Nililisoma neno hilo mara tatu.

Asubuhi nilikwenda kwake pamoja na Mama Pasta. Chuoni nilisoma na ndugu mmoja Mchaga, na yeye ndiye aliyenisimulia habari za isale, ule mmea wenye majani marefu ambao kwao hupandwa mipakani mwa vihamba. Mtu akimkosea mwenzake humpelekea jani la isale, na aliyekosewa akilipokea anajua kwamba ameombwa msamaha kwa namna isiyokataliwa kirahisi. Mimi sikuwa na isale. Nilibeba jerikani mbili za maji, moja kila mkono, na watu wote wa mstari wakatoka milangoni kutazama mchungaji anakwenda wapi na maji. Nilitaka waone, kwa kuwa kosa langu nalo lilionekana.

Nilimwambia, “Mama, nimekukosea mbele ya kanisa, na mbele ya kanisa nitalisema.” Akaniambia, “Keti kwanza, Baba Mchungaji.” Akatupa chai. Ndipo akasema neno ambalo sijalisahau: “Siku ile ulihesabu maji. Maziko hukuyahesabu.”

Kisha akainama chini ya kitanda akavuta gunia dogo. Ndani mlikuwa na maranda makavu ya fundi seremala yaliyochanganywa na majivu, na ndani ya maranda mlikuwa na viazi vya dalia. Kijana alikuwa ameng'oa mashina akayatupa pembeni na viazi vyake vikining'inia. Mama alikwenda gizani akaviokota kimoja kimoja.

Ngoja niwaeleze vilikotoka, maana ni habari inayostahili. Mama huyu anafanya biashara ya mukene. Hununua waliokaushwa hapa kwenye mwalo wa Masese, huwapeleka Mbale kwa barabara ya Tirinyi, huwauza kwa kikombe. (Sisi wa Bukavu tunamtazama mukene tukakumbuka sambaza wa Ziwa Kivu, lakini utamu haulingani, na katika hili sitatubu.) Siku moja alipeleka kwa mteja aliyekaa juu ya mji, njia ya kupanda Wanale, kwenye ubaridi wa mlima. Akakuta mbele ya nyumba dalia nyekundu zenye vichwa vikubwa kama sahani, zile zile zilizokuwa zimepandwa mbele ya nyumba ya mama yake kule kwetu milimani. Alisimama hapo na beseni kichwani mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kuna nini. Wakabadilishana: kikombe cha mukene kwa viazi vitatu. Hivyo ndivyo dalia ilivyofika mtaa wetu. Na mazishi ya kwanza yalipotokea baada ya hapo, alikata maua akayaweka juu ya sanduku bila kumwambia mtu, na ikawa desturi.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, “Nikwambie nini? Hukuuliza.”

Alitandaza viazi juu ya gazeti ili avichambue. Nikashika kimoja kinene kizuri nikasema hiki ndicho cha kupanda. Akanicheka. “Hicho hakina jicho. Kitaoza.” Akachukua kingine chembamba kama kidole. “Hiki kina jicho.” Akanionyesha. Kiazi cha dalia si kama kiazi ulaya ambacho kina macho mwili mzima. Jicho lake liko shingoni tu, pale kinaposhikana na shina la zamani. Ukikikata ukaacha shingo kwenye shina, umebaki na kiazi kinene kilichojaa chakula na hakitachipuka kamwe, hata ukikimwagia Ziwa zima. Ukikikata na kipande cha shina chenye jicho, hata kikiwa kidogo, kitaota. Mimi nikaanza kusema, “Kumbe hata sisi, tukikatwa kutoka...” Akanikatiza. “Baba Mchungaji, usianze kuhubiri. Shika kisu.”

Nikashika kisu. Kwa hiyo msinitazamie nimalize mfano ule, nimekatazwa.

Sasa nataka kujibu maneno mawili ambayo yanasemwa milangoni mwetu, nami nimeyasema.

Neno la kwanza ni kwamba maua hayaliwi. Ni kweli, na mwenye mtoto mwenye njaa apande kwanza lengalenga. Mama yule mwenyewe hakuzing'oa sukuma wiki za kijana. Alizimwagilia, akazichuma, akampelekea kijana fungu la kwanza, na kijana akashindwa kula. Bwana alipomtetea Mariamu hakusema maskini wasahauliwe. Alisema mko nao siku zote, na Marko anaongeza kwamba mnaweza kuwatendea mema wakati wowote mpendao. Anayewakumbuka maskini siku ile tu mwingine anapofanya jambo la uzuri, huyo ajichunguze. Lakini rudini kwenye Mwanzo 2. Mungu anapanda bustani. Musa anaeleza miti ya bustani ile ilikuwa ya namna gani, na anataja macho kwanza, kisha tumbo: ya kupendeza kutazama, na mizuri kwa chakula. Hapo dhambi ilikuwa bado. Nyoka alikuwa hajasema kitu. Basi kupenda kitu kwa kuwa ni kizuri machoni si anasa iliyoletwa na matajiri, ni desturi ya bustani ya kwanza. Na wale wawili waliotolewa humo ndio wakimbizi wa kwanza katika Biblia. Nafikiri hawakukumbuka matunda peke yake.

Bwana wetu naye, alipowaambia watu wenye hofu ya chakula na mavazi wasisumbuke, aliwaelekeza wayatazame maua ya kondeni, akasema Sulemani katika fahari yake hakuvikwa kama moja la hayo. Aliwaambia watu maskini, si watu wa ikulu. Mtu atayatazamaje maua kama kila mahali pamefagiliwa udongo mtupu?

Neno la pili ni zito zaidi. Watu wanasema: kupanda ua ni kukubali kufia hapa. Mboga unapanda leo unakula baada ya mwezi, ukiondoka hujapoteza. Lakini ua ni la mtu aliyetulia. Kuna nyumba katika kanisa letu ambako mabegi bado yamefungwa kwa kamba baada ya miaka saba, na pazia halijatundikwa kwa sababu “tunaondoka.” Siwacheki. Mimi mwenyewe tangu nilipofika nilikuwa sijatia mbegu ardhini. Mama Pasta aliniomba, nikamjibu kwamba sisi ni wasafiri.

Katika Yeremia 28 yuko nabii aitwaye Hanania, mtu wa Gibeoni. Aliwaambia watu kwamba baada ya miaka miwili tu vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Akaichukua nira ya mti shingoni mwa Yeremia akaivunja mbele ya wote. Fikirini makofi aliyopigiwa! Na ajabu ni kwamba Yeremia alijibu kwanza Amina, Bwana na afanye hivyo. Hakupenda utumwa. Alitaka Hanania awe kweli. Lakini haikuwa kweli, na Hanania alikufa mwaka ule ule katika mwezi wa saba. Ndipo katika sura ya 29 Yeremia anaandika barua kwa waliohamishwa Babeli, na hesabu yake ni miaka 70. Katika barua hiyo anawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule waliopelekwa.

Sisi tuna akina Hanania wetu. Wapo wanaopita nyumba kwa nyumba na unabii wa ndege, na wakati mwingine wanauuza. Mwaka huu utapaa, mwezi huu utaitwa. Nami nikiwasikia nasema kama Yeremia, Amina, Bwana na afanye hivyo. Kisha namshauri mtu asiuze kitanda.

Lakini msimsome Yeremia nusu. Nabii huyu aliyewaandikia wapande bustani Babeli, ndiye yule yule ambaye katika sura ya 32, mji wake ukiwa umezingirwa na yeye mwenyewe amefungiwa katika ua wa walinzi, alinunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akaamuru hati itiwe katika chombo cha udongo ipate kukaa siku nyingi. Hakuona kwamba jambo moja linaharibu jingine. Aliyeandika barua ile hakuwa mtu aliyeisahau nchi yake. Basi mwenye hati ya shamba lake la Masisi au Walungu au Fizi na aitunze vizuri kwenye nailoni, na jembe alitumie hapa.

Na kama bado unaona ua litakufunga, basi dalia ndiyo inayokufaa. Siku utakayoitwa, chimba viazi, pangusa udongo, funga kwenye maranda, ondoka. Ndivyo ilivyofika duniani. Sisi tunayaita haya maua ya bibi zetu, lakini dalia ni mgeni kwetu na kwa Wazungu pia. Kwao ni Meksiko, kwenye milima, ambako wenyeji wa zamani walivila viazi vyake. Mwaka 1789 ilifika katika bustani ya mimea ya Madrid, na mwaka 1791 padre mmoja mtaalamu wa mimea, Cavanilles, akaipa jina la Mswidi aitwaye Anders Dahl, ambaye alikuwa amekwisha kufa na nchi ya ua hilo hakuwa mtu wa huko. Jina hilo limebaki. Mwaka 1963 Meksiko ikaifanya dalia ua la taifa, lakini leo bibi wa mlima Masaba akiulizwa atakwambia ni ua la kwao, naye hasemi uongo. Zinia pia ni ya Meksiko, na kosmosi, na yale maua ya njano yenye harufu kali ambayo mkulima huyapanda kati ya nyanya ili kupunguza minyoo ya mizizi.

Si kila ua ni baraka, hilo nalo niseme. Magugu maji yanayowafungia wavuvi wetu njia hapa mwaloni ni mmea wa Amerika ya Kusini ambao watu waliusambaza nchi hata nchi kwa ajili ya ua lake la zambarau, na tangu karibu mwaka 1990 Ziwa Viktoria linauguza kidonda hicho. Uzuri usiotunzwa mipaka hula wenyeji. Ila mama yetu huyachota, huyakausha juani mbali na maji, na kuyatandaza chini ya dalia ili udongo usikauke. Hivyo hata magugu yamepata utumishi.

Maana Masese ina joto, na dalia hupenda ubaridi wa Mbale au Kivu. Hapa haitakupa sahani, itakupa kisosi. Ipande mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kabla hujachimba, tafadhali, tusiletee kanisa kesi. Udongo wetu mwekundu hushika maji, kwa hiyo inua tuta na uchanganye samadi iliyooza, au tumia jerikani kuukuu iliyokatwa na kutobolewa chini. Laza kiazi ubavu, jicho likitazama juu, kina cha kiganja. Kisha usimwage maji mengi mpaka kichipue, kwa maana kiazi kisicho na mizizi hakinywi, huoza tu. Ukikipanda mvua za Machi zinapoanza, mvua itafanya kazi yako, na maji ya kusuuzia vyombo yatatosha siku za jua. Chomeka kijiti cha kuegemea. Shina likiwa na majani jozi nne, kata ncha yake. Itakuuma, lakini litatoa matawi. Ua linalonyauka likate, mengine yaje. Kwa kadiri ya miezi mitatu utakuwa na la kwanza. Ukipanda mbegu badala ya kiazi utapata rangi usiyoitazamia, maana mtoto wa dalia hafanani na mama. Kiazi ndicho hurudisha rangi ile ile.

Tulivipanda vile vya mama mvua za 2025 zilipotulia. Alimweka kijana wa kwaya awe mleta maji, na kijana alikubali kabla hajamaliza kuambiwa. Jumapili ya kwanza ya dalia kufungua nilisimama kanisani nikalisema kosa langu jinsi nilivyoliandika hapa, na safari hii mama yule alicheka, peke yake, kwa sauti. Tangu hapo tumekuwa na mazishi mawili. Masanduku yote mawili yalikuwa na maua.

Tatizo ni kwamba bustani moja haitoshi. Yalipokatwa ya mazishi ya pili alibaki na majani tu, na sisi ni watu wengi. Kwa hiyo viazi vimegawanywa. Vyenye macho ni 14, na mama ameweka vinne vyake. Kumi vilivyobaki vitatolewa Jumamosi ya kwanza ya mvua, saa tatu asubuhi, mlangoni kwake, bila malipo, kimoja kwa nyumba. Kimoja ni cha nyumba ya mchungaji, Mama Pasta amekwisha kuchimba. Wenye mabegi yaliyofungwa kamba watangulizwe. Kila mtu alete gazeti la kufungia na kisu chake mwenyewe, maana cha mama kimeisha makali.